Ndoo Tano za Fundi Koki, na Jinsi Namba Thelathini na Moja Ilivyorudi Nyumbani

Wekeni chini mlivyoshika, enyi mlio karibu, na mlio mbali sogeeni, maana leo sisimulii habari za wafalme waliogawana miji wala za majeshi yaliyovuka milima. Hizo zina wasimulizi wake, nao hawana haja na msaada wangu. Nasimulia habari ya mtu mmoja aliyeketi juu ya kiti cha plastiki, katika chumba cha hatua nne kwa tatu, mbele ya kompyuta yenye ufa kwenye kona ya kioo, naye akatoka nyumbani mchana kweupe, akaenda mwendo wa kilomita mia mbili na kumi na mbili, akarudi, na kiti hakikusogea. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa.

Shujaa huyu alikuwa fundi bomba. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kumezwa na kazi, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Koki, mkomesha mivujo, mzibua masinki, mshindi wa mabomba yaliyowashinda wengine. Kwa miaka thelathini na moja alilala chali chini ya mabeseni ya watu, matone yakimdondokea usoni, akiitazama dunia kwa upande wake wa chini, ambao hakuna anayeupiga rangi. Neno hilo la kulala chali msilipite haraka, maana ndilo shina la kisa chote.

Ikawa katika mwaka wa ishirini na tisa wa kazi yake, mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia kompyuta kuukuu, na ndani yake Koki akakuta mchezo wa kurusha ndege zisizo na injini. Ndege hizo huvutwa hadi juu, zikaachiwa, na kuanzia hapo rubani hana msaada ila hewa yenyewe: hutafuta mahali ambapo jua limeipasha ardhi na hewa inapanda, huzunguka humo mpaka apate kimo, kisha hukitumia kimo hicho kuteleza kwenda mbele, akitafuta hewa nyingine ya kupanda. Koki aliujaribu Jumamosi moja. Aliona mapaa, mashamba, barabara nyembamba, vyote viko chini yake, na hakuna tone lililokuwa likidondoka. Aliketi hapo mpaka mkewe akamwita mara tatu kula, na chakula kikapoa, na yeye mwenyewe akajua kwamba amepata mahali pake.

Akajiunga na Chama cha Wapaa-Kimya, kaumu ya marubani tisa, kila mmoja nyumbani kwake, wakutanao kila Jumamosi saa nane mchana kwa njia ya mtandao na kusemezana kwa visikizi. Jemadari wao alikuwa Daktari wa Meno, mshindi wa misimu mitatu, mtu wa sauti nene na maneno ya duara. Mwandishi wao alikuwa Karani, ambaye kazini aliandika mienendo ya kesi mahakamani na nyumbani hakujua kuacha. Na chama kilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: rubani atakayemaliza mashindano kumi ya msimu bila kurejea hata mara moja kwenye uwanja alioanzia, namba yake itafutwa ubavuni mwa ndege, na mtu mwingine atachukua nafasi yake.

Namba ya Koki ilikuwa thelathini na moja. Ndiyo iliyopakwa rangi kwenye sanduku la vifaa alilopewa na fundi aliyemfunza, tangu zamani, kabla yeye mwenyewe hajatimiza miaka hiyo kazini. Na katika msimu ninaousimulia alikwisha kushindana mara tisa, na mara zote tisa hakurudi. Alitua kwenye mahindi. Alitua kwenye bwawa la ng'ombe. Alitua ndani ya uwanja wa gereza, na Karani akauliza kama alikusudia. Lililobaki lilikuwa shindano la kumi.

Sasa nipeni nafasi niwaeleze habari ya maji, kwa kuwa asiyeielewa atabaki nje ya mlango. Ndani ya mabawa ya ndege hizo mna matangi. Rubani akiyajaza, ndege huwa nzito, na ndege nzito hukimbia zaidi bila kupoteza kimo zaidi. Lakini ikiingia kwenye hewa ya kupanda, hupanda kwa uvivu. Nyepesi hupanda upesi na hukimbia polepole. Basi siku ya jua kali maji ni utajiri, na siku ya mawingu maji ni mzigo, na ujuzi wote wa vita hivi ni kujua saa ya kuyamwaga, maana ukishayamwaga huko juu hakuna pa kuyachota tena. Marubani wa kweli huyajaza kwa mpira na ndoo, jasho likiwatoka, na huyamwaga yote kabla ya kutua ili bawa lisivunjike. Marubani wa kompyuta hubofya mara moja, matangi yakajaa, na hutua nayo vilevile, kwa sababu kompyuta haina bawa la kuvunjika.

Hilo ndilo lililomkera Koki. Baada ya shindano la tano, Daktari alijisifu mbele ya wote, akanena, "Lita mia mbili nimezijaza kwa kidole kimoja, ndugu zanguni, na chai yangu haijapoa."

Koki akaivuta maiki ya visikizi vyake karibu na mdomo, akanena kwa sauti iliyotulia:

"Daktari, nimeishi na maji miaka thelathini na moja. Nimeyafuata ukutani, nimeyafuata chini ya zege, nimeyafuata darini kwa watu walioapa kwamba hakuna kinachovuja. Sijayaona hata siku moja yakitoka mahali yasipokuwepo. Basi nala yamini mbele yenu: tangu leo haitaingia bawani mwangu lita moja ambayo sikuibeba kwa mikono hii na kuiweka chumbani mwangu. Na bawa na chumba vitakuwa sawa, lita kwa lita, tangu kuruka hadi kutua."

Kisha Karani akauliza, "Niandike?"

"Andika."

"Na hicho kifungu cha pili?"

"Andika vyote."

Hakuna aliyemlazimisha kifungu cha pili. Kilimtoka kwa utamu wa maneno, kama ambavyo hututoka sote, na alipovua visikizi alikuwa amekwisha kufungwa nacho. Hata hivyo mambo yakaenda vizuri kwa muda. Kila Jumamosi alibeba ndoo kumi kutoka bomba la uani, akazipanga kando ya kiti, akajaza bawa lita mia mbili, na shindano likiisha akazimimina kwenye pipa la jikoni. Mkewe, aliyekuwa muuguzi na mtu wa hesabu safi, aliona pipa limejaa bila yeye kusema neno, akakibariki kiapo bila kukijua.

Hata ilipofika Jumamosi ya shindano la kumi, maji yalikuwa yamekatika mtaani kwa siku ya sita. Kila asubuhi fundi bomba mashuhuri alifungua bomba lake mwenyewe, bomba likakohoa, likatoa mende, likanyamaza. Majirani walipita wakamtazama, na mmoja akamuuliza kama anamjua fundi mzuri. Jumamosi hiyo Koki alipanga foleni kwenye tangi la mtaa wa pili tangu alfajiri na akarudi na ndoo tano, lita mia moja, na kila mtu nyumbani alikuwa akizisubiri.

Mkewe alisimama mlangoni amevaa sare yake ya kazi, akazihesabu kwa macho.

"Hizo ndoo ni za nyumba nzima mpaka kesho," alisema. "Mama akitaka maji, apewe."

"Atapewa, mke wangu."

"Usiseme atapewa halafu ukavaa hayo madude masikioni."

"Nimesema atapewa."

Mama aliyetajwa alikuwa mama mkwe, aliyefika wiki mbili nyuma kutibiwa goti. Alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na miaka arubaini ya kusimama mbele ya watoto ilikuwa imemwachia goti bovu na jicho lisilopepesa. Kuhusu mchezo wa mkwewe alikuwa amesema mara moja tu, mezani, bila kuinua sauti: "Mwanaume mzima anaendesha ndege, ameketi, na ndege yenyewe haina injini. Angalau ingekuwa na injini." Tangu siku hiyo Koki alikuwa akipunguza sauti ya kompyuta kila aliposikia fimbo yake ikigonga sakafu.

Saa nane ikagonga. Ndege tisa zikavutwa juu ya uwanja, zikaachiwa, zikavuka mstari. Nane zilibeba lita mia mbili kila moja. Ya tisa ilibeba mia moja, kwa sababu chumbani mlikuwa na ndoo tano na si zaidi. Jua liliwaka kwa hasira, hewa ya kupanda ilikuwa na nguvu kila upande, na wale wazito wakateleza mbele kwa kishindo. Koki akawafuata nyuma, akiona mikia yao inazidi kuwa midogo. Alijua hawafikii. Hakutaka kuwafikia. Alitaka kurudi tu.

Katika kilomita ya thelathini, fimbo ikagonga sakafu.

"Mwanangu, samahani nakukatiza. Naomba maji ya kuoga."

Koki hakugeuka, maana mkono wake ulikuwa kwenye usukani wa kompyuta na ndege ilikuwa imelala ubavu. "Chukua, mama. Ndoo yoyote."

"Nibebe vipi sasa, na goti hili?"

"Mama, nikiachia hapa naanguka."

Mama mkwe aliitazama ile ndege ndogo kwenye kioo, akamtazama mtu aliyeketi, akaguna. Alikwenda jikoni, akarudi na gunia, akaisogeza ndoo juu ya gunia kwa mguu mzima, akaikokota juu ya sakafu ya saruji mpaka nje ya kizingiti. Na Koki, mwaminifu kwa neno lake, akafungua vali, na lita ishirini zikamwagika kutoka bawani juu ya nchi ya watu, katika jua ambalo rubani mwenye akili asingemwaga hata tone.

Visikizi vikalia. "Namba thelathini na moja anamwaga maji," alisema Karani. "Hali ya hewa ni nzuri sana. Kuna hitilafu?"

"Hakuna hitilafu. Mama mkwe anaoga."

"Imeandikwa," alisema Karani.

Hazikupita dakika ishirini, fimbo ikagonga tena. Safari hii zilikuwa nguo, mbili tatu tu, na khanga moja. Gunia likakokotwa, vali ikafunguliwa, na ndege ya Koki ikabaki na lita sitini, ikielea nyuma ya wenzake. Hapo Daktari wa Meno, aliyekuwa mbele ya wote, akapunguza sauti yake nene, akanena:

"Koki, ndugu yangu, nimekaa juu hapa nakutazama na moyo wangu unauma. Leo ndiyo siku ya mwisho ya namba yako. Tamka neno moja tu, tukutengulie kiapo, uache kuyamwaga yaliyobaki kabla hatujafika mbali. Chama kina moyo. Hakuna atakayekulaumu."

Na lazima niseme ukweli, kwa kuwa mwenye tarikhi asiyesema ukweli ni mpiga porojo tu: Koki alitamani. Alitamani mpaka kidole kikasogea mbali na kitufe cha vali. Aliwaza Jumamosi ijayo saa nane mchana, yeye akiwa ameketi sebuleni, hana pa kwenda, akisubiri Jumatatu akalale chali chini ya sinki la mtu. Roho ilimuuma na hakuificha. Alipumua kwa nguvu hata wenzake wakamsikia.

"Daktari," alijibu, "nilisema lita kwa lita. Sikusema lita kwa lita isipokuwa za mama."

Ndoo ya tatu iliondoka kwa maharage. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuyachambua, na alipoikokota ndoo alisimama kidogo kizingitini, akashika goti, akakunja uso. Koki aliona kwa pembe ya jicho na aibu ikamchoma, lakini hakuachia usukani. Zikabaki lita arubaini bawani na ndoo mbili kando ya kiti, naye yuko kilomita kumi na nane nyuma ya mtu wa nane. Karani aliisoma tofauti hiyo kwa sauti mara mbili, kwa sababu waliosikia mara ya kwanza hawakuamini.

Ndipo mbingu zikageuka. Kutoka upande wa machweo likaja wingu pana, bapa, la kijivu, likatanda juu ya njia yote ya kurudi, na jua likazimika juu ya mashamba. Hewa ya kupanda ikafifia. Zile nguvu za saa nane zikawa pumzi za mgonjwa. Marubani watatu waliokuwa na hekima wakamwaga maji yao papo hapo, wakawa wepesi, wakapenya kwa taabu wakafika nyumbani. Lakini Daktari alikuwa na lita mia mbili na utukufu wa misimu mitatu, na sauti yake ikavuma kwenye visikizi:

"Simameni imara, mashujaa! Jua litarudi. Anayemwaga sasa atajuta jua likirudi. Asimwage mtu!"

Wanne wakamsikiliza. Jua halikurudi. Mmoja alikwenda chini kwenye kiwanda cha mbao. Wa pili na wa tatu walitua shamba moja, hatua chache baina yao, wakalaumiana. Wa nne hakusema alipotua. Na mwisho wa yote jemadari mwenyewe alizunguka juu ya kilima kisicho na hewa, akashuka kila mzunguko, na kisha ikasikika sauti yake ikiwa nyembamba kuliko kawaida.

"Nimetua."

"Wapi?" aliuliza Karani.

"Shambani."

"Na maji?"

"Yote."

"Imeandikwa."

Sasa angani alibaki mmoja. Koki, ambaye mchana kutwa aliporwa maji na mama mkwe, alikuwa mwepesi kuliko wote walioanguka, na alikuwa ameruka kutoka pumzi moja ya hewa hadi nyingine pale ambapo wazito hawakuweza kujishikilia. Akaifikia tanuri ya matofali, kilomita kumi na tisa kutoka uwanjani, na juu ya tanuri hiyo ilikuwapo hewa ya mwisho ya siku. Akazunguka. Mshale wa kupanda ukasimama kwenye sifuri. Akazunguka tena, ukasimama pale pale, hapandi wala hashuki, na hesabu kwenye kioo ilikuwa wazi: anahitaji mita tisini zaidi, la sivyo atatua kabla ya uwanja. Lita arubaini zilizobaki ndizo zilizomshika miguu. Akiwa mtupu angepanda.

"Zimwage, Koki," alisema Daktari kutoka shambani kwake. "Bofya. Mama mkwe hayupo, ndoo zikae tu hapo. Nani atajua?"

"Mimi naandika ninachoambiwa," alisema Karani, kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha.

Koki akazitazama zile ndoo mbili kando ya kiti. Maji yalikuwa yametulia ndani yake, safi, yamejaa mpaka ukingoni. "Nitajua mimi," alisema. Kisha akasogeza maiki kando, akaita kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Mama! Nakuomba, mama!"

Fimbo ikaja bila haraka. Mama mkwe akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Unahitaji maji, mama?"

"Nimeoga. Nimefua. Maharage yako motoni. Maji ya nini tena?"

"Chukua tu. Ndoo zote mbili. Nakuomba uzitoe humu chumbani."

"Mchana kutwa nimekuomba maji ukawa unapumua kama mtu ninayemng'oa jino. Sasa sitaki, unanibembeleza." Alimtazama kwa lile jicho. "Na gunia limelowa, halitelezi, na goti limekataa. Sema kweli. Kuna nini?"

Naye Koki, akizunguka juu ya tanuri, mkono mmoja kwenye usukani na jasho likimtiririka mgongoni, akamwambia yote. Akamwambia habari ya kiapo na kifungu cha pili. Akamwambia kwamba asiporudi leo namba yake inafutwa. "Na ikifutwa, mama, mimi sina pengine. Nikitoka hapa ni chini ya masinki, mpaka nitakapostaafu."

Mama mkwe aliegemea fimbo yake.

"Miaka mingapi umelala huko chini?"

"Thelathini na moja."

"Na huko kwenye kioo unaona nini?"

"Nyumba za watu, mama. Kwa juu."

Mwanamke yule aligeuka kwa fimbo yake. Aliondoka. Koki alisikia kitu kikiburutwa, akajua ameachwa, akaanza kutafuta kwa macho shamba la kutua. Lakini kilichoburutwa kilikuwa kigoda. Mama mkwe alikiweka kizingitini, akaweka beseni kubwa upande wa nje, akazisukuma ndoo mbili kidogo kidogo kwa mguu mzima mpaka upande wa ndani, zikakwamia kizingiti, akaketi katikati, goti bovu limenyooshwa, akachukua jagi la lita moja.

"Nikichota moja, nawe toa moja," alisema. "Tusidanganyane."

Akachota ndani, akamwaga nje. "Moja."

Koki akafungua vali kidogo, akafunga.

"Mbili."

Sikilizeni vizuri hapa, enyi mliokuwa mnacheka. Maji ya kweli yalivuka kizingiti jagi kwa jagi, na maji ya bawani yaliiacha ndege lita kwa lita, polepole, kwa muda ule ule ambao vali ya kweli huuchukua angani, na hakuna rubani wa kompyuta aliyewahi kumwaga kwa haki kama alivyomwaga fundi yule alasiri ile. Kwenye visikizi watu wanane walimsikia mwanamke wasiyemjua akihesabu. Kwenye jagi la kumi na mbili mshale ulisogea juu kwa upana wa ukucha. Kwenye la ishirini ndoo ya kwanza ilikwisha na mizunguko ikaanza kuwa midogo, ndani kabisa ya ile hewa. Kwenye la ishirini na saba mkono wa mama mkwe ulisimama hewani.

"Nilikuwa ngapi?"

"Ishirini na saba, mama."

"Usinisaidie. Darasani sikusaidiwa." Akafikiri. "Ishirini na saba."

Na lilipovuka la arubaini, beseni limejaa, ndoo tupu, bawa tupu, ndege ya Koki ilipanda. Haikupanda kwa fahari. Ilipanda mita moja, ikapumzika, ikapanda nyingine. Karani alizisoma moja moja kwa sauti ya mahakamani. Themanini na nane. Themanini na tisa. Tisini. Hapo Koki akainyoosha ndege, akaielekeza nyumbani, akaachia pumzi.

Kilomita kumi na tisa bila injini, bila maji, chini ya wingu. Mapaa yakapita chini. Barabara ikapita. Safu ya miti mwishoni mwa uwanja ikaja, miti mirefu kuliko ilivyopaswa, na mama mkwe, aliyekuwa amegeuza kigoda na kutazama kioo, akasema polepole, "Inua kidogo," kana kwamba alikuwa amezaliwa humo. Koki akainua kidogo. Ndege ikapita juu ya miti kwa mita saba, magurudumu yakagusa majani ya uwanja, ikakimbia, ikapunguza mwendo, ikasimama, bawa moja likalala chini taratibu.

Basi iwekwe kwenye tarikhi, isomwe na vizazi: kwamba Jumamosi ya shindano la kumi, saa kumi na moja kasoro dakika sita, Fundi Koki, mkomesha mivujo, mtunza kiapo, alirejea kwenye uwanja alioanzia, wa nne kati ya tisa, na wa mwisho kati ya wote waliofika, kwamba bawani hakubeba lita asiyoibeba kwa mikono na hakumwaga lita isiyotoka chumbani, na kwamba namba thelathini na moja ilibaki ubavuni mwa ndege yake. Daktari wa Meno akanena kutoka shambani, "Chama hiki hakijawahi kuona mtu akirudi mtupu namna hii, na mimi nimetua na kila kitu." Kisha akaomba kifungu cha pili kisomwe upya, apate kukinakili. Karani hakusema imeandikwa. Alisema, "Hongera, fundi," na wote wakasikia kwamba alikuwa ameweka kalamu chini.

Saa kumi na mbili mkewe akarudi. Akakuta beseni limezuia mlango, ndoo tano tupu, gunia limelowa, maharage yameungua upande mmoja, mama yake juu ya kigoda amekunja mikono, na mumewe kwenye kiti cha plastiki, visikizi shingoni, macho mekundu.

"Kumetokea nini hapa?"

"Mumeo alikuwa mbali," alisema mama yake. "Mbali sana, na hali ya hewa ikamharibikia. Amerudi."

Mkewe akakitazama kile kiti, akamtazama mumewe, akamtazama mama. "Amerudi kutoka wapi? Asubuhi nimemwacha hapo hapo."

"Ndiyo," alisema mama mkwe, akiinuka kwa fimbo. "Na hapo hapo ndipo alipokuwa anataka kurudi. Mpe chai."